Kesi ya Simu Isiyo na Mrithi

Katika nchi ya Mng'aro mgeni haulizwi pasi ya kusafiria. Anaulizwa dole gumba.

Nakunda Mrutu alilitoa lake bila wasiwasi, kama mtu anayesalimia. Afisa wa mpakani, kijana mwenye adabu nyingi, alilishika kwa ncha za vidole viwili, akaligeuzageuza kwenye mwanga, akaguna. Lilikuwa dole la mwanamke wa miaka arobaini na mitatu aliyelima tangawizi tangu utotoni. Lilikuwa limepasuka pembeni, lina kovu la kisu, na udongo mwekundu wa milima ya Upare ulikuwa umeingia kwenye mistari yake ukakataa kutoka kwa sabuni yoyote.

"Pole sana, bibie," afisa alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Ulipata ajali?"

"Nilipata kazi," Nakunda akamjibu.

Afisa hakuelewa, lakini aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha akauliza kama mgeni ana chombo chochote cha kuandikia. Nakunda akafungua mkoba, akatoa simu yake. Afisa akarudi nyuma hatua mbili.

"Ina meno," alinong'ona.

Hayakuwa meno. Vilikuwa vitufe thelathini na tano, vidogo kama punje za mahindi machanga, vimepangwa safu nne chini ya kioo cha mraba. Ilikuwa simu janja ya kazi, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye barua nyingi na mfuko mdogo. Kabla yake Nakunda, ambaye ni katibu wa chama cha wakulima wa tangawizi cha kijijini kwao, alikwisha kujaribu simu mbili za kioo kitupu. Aligusa, hazikusikia. Alikandamiza, zikampigia mtu mwingine. Hii ya tatu aliikuta mjini Same, nyuma kabisa ya kabati la mfanyabiashara mmoja ambaye alimwambia waziwazi, "Mama, hii haina mnunuzi, na kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Ukiichukua umenifutia vumbi."

Akaichukua. Kwa vitufe hivyo aliwaandikia wakubwa wa wilaya barua arobaini na moja kuhusu barabara ya kijiji, na baada ya ile ya arobaini na moja, katapila likapanda mlima. Tangu siku hiyo hakuna mkulima aliyeiita simu. Waliiita Katibu Msaidizi, na wengine, wakipita ofisini, waliisalimia.

Sasa alikuwa amealikwa na serikali ya Mng'aro kuzungumzia tangawizi kwenye Maonyesho ya Viungo, na Katibu Msaidizi alikuwa mkobani kama kawaida. Hakujua kwamba chombo kigeni hakiingii Mng'aro kabla ya kuhukumiwa. Baraza la Vyombo hukipa alama. Kikipata saba kwa kumi, kinaishi. Kikipata chini ya saba, kinazikwa.

"Kinazikwa namna gani?" Nakunda aliuliza.

"Kwa heshima," afisa alisema. "Kuna ua wa makaburi, na kuna wimbo."

Akakabidhiwa kwa karani wa Baraza, aliyeitwa Hariri. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye wasiwasi wa mtu anayejua sheria zote na hana uhakika kama yeye mwenyewe anazipenda. Hariri ndiye aliyetakiwa kuiandikisha simu, na ili kuiandikisha ilimpasa avihesabu vitufe vyake kwa kidole. Alivihesabu. Akasema thelathini na tano. Kisha akavihesabu tena. Alipoanza mara ya tatu, Nakunda alimwuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," Hariri alisema, uso ukimwiva. "Ni kwamba vinashuka, halafu vinarudi."

Kesi ilipangwa siku ya tatu, na katika siku mbili za kungoja Nakunda aliitazama nchi.

Watu wa Mng'aro wanaandika kwenye vioo tu, na kioo chao hakimsikii mtu mwenye kidole kikavu. Kwa sababu hiyo kila wiki wana Siku ya Msasa. Asubuhi hiyo familia nzima huketi barazani, baba, mama na watoto, wakisugua ncha za vidole kwa msasa laini, wakiimba, wakicheka, wakipakana mafuta, mpaka mistari yote ya kidole ifutike. Ni siku ya furaha kwelikweli, na Nakunda, aliyeletewa msasa na kikapu cha maandazi, aliona vigumu kuwachukia watu wale. Alikula maandazi, akarudisha msasa.

Cheo nacho huenda kwa ulaini. Vidole vya waziri ni kama yai lililomenywa. Watu hao hawawezi kushika kitasa, wala kufunga kifungo cha shati, na hasa hawawezi kushika kikombe. Vikombe vya Mng'aro havina kishikio, vimeng'arishwa kama kioo, na kutwa nzima, maofisini na majumbani, unasikia vikianguka. Kikombe kikianguka, mwenye adabu hatazami chini. Anaendelea na mazungumzo. Mara ya kwanza Nakunda alitazama, na meza nzima ikakohoa.

Jambo jingine lililomshangaza ni kwamba kioo chao humalizia. Mtu akiandika neno moja, kioo humpa yaliyobaki, na yaliyobaki siku zote ni mazuri. Hariri alikuwa na mchumba, msichana wa mji wa pili, na walikuwa wameandikiana kila siku kwa miaka miwili.

"Yukoje?" Nakunda alimwuliza wakiwa njiani kwenda kwenye maonyesho.

"Ni mzima, anatumaini nami ni mzima, na ananitakia siku njema."

"Hayo ni ya barua ya jana. Nauliza yukoje."

Hariri alikitoa kioo chake, akakipitia juu hadi chini. "Hilo," alisema mwishowe, "kioo hakijaniambia."

Kwenye uwanja wa maonyesho lilitundikwa bango refu lililosomeka: MWAKA WA KUMI NA NNE BILA LALAMIKO HATA MOJA KUTOKA VILIMANI. Chini ya bango hilo hilo alikuwa ameketi mama mmoja aliyemzidi Nakunda umri, kanga kiunoni, akifungua makasha ya vikombe vilivyofungwa kwa majani makavu. Nakunda alimwendea kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza katika nchi ile kuonekana akishika kitu kikashikika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete hicho kidole nikione." Alilishika dole gumba la Nakunda, akaliweka sambamba na lake, akacheka hadi mabega yakatikisika. "Ala! Huyu ndugu yangu kabisa. Wewe unafinyanga?"

"Nalima. Tangawizi."

"Udongo ni ule ule."

Aliitwa Kigae, mfinyanzi wa vikombe vya serikali kutoka vilimani. Nakunda alipomwuliza kwa nini vikombe havina vishikio, Kigae aliacha kufungua kasha.

"Zamani vilikuwa navyo. Miaka kumi na minne iliyopita wakubwa wakasema kishikio kinakatisha mng'ao. Kikapigwa marufuku. Tangu hapo nafinyanga vikombe mia, vinavunjika mia, na wananiletea salamu kwamba udongo wangu mbovu." Alitema neno hilo la mwisho kama mbegu. "Udongo wa mama yangu na bibi yangu!"

"Umewaambia?"

"Kwa kinywa hawapokei. Malalamiko ni kwa kioo, na kioo hakinisikii. Nilifanikiwa siku moja, mvua ilikuwa imenilainisha kidole. Nikaandika neno 'Vikombe'. Kioo kikamalizia: 'vyenu ni vizuri, asanteni kwa huduma bora.' Kikapeleka." Akanyanyua kidevu kuelekea kwenye bango. "Mwaka ule waliniletea cheti."

Nakunda hakucheka. Alikuwa akifikiria barua arobaini na moja.

Baraza la Vyombo lilikutana katika ukumbi mweupe. Majaji walikuwa watatu, na kama ilivyo desturi ya familia kubwa za Mng'aro walipewa majina ya vitambaa laini. Jaji Mkuu alikuwa mzee Atilasi. Kulia kwake aliketi Bibi Melimeli, mwanamke mtulivu mwenye macho yasiyokosa kitu. Kushoto alikuwa Bwana Mahameli, ambaye alipenda kesi kuliko chakula. Simu iliwekwa juu ya mto mdogo katikati ya ukumbi. Nakunda aliruhusiwa kuitetea, lakini kwa sentensi moja tu kwa kila shitaka.

Alikuwa na ombi moja kabla ya kuanza. "Waheshimiwa, mmoja wenu aishike kwanza, aandike hata salamu."

Ukumbi ukaguna. Mzee Atilasi akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba sheria inamkataza jaji kutumia chombo anachokihukumu. Anayekitumia kitu hukizoea, aliyekizoea hukipenda, na apendaye hana haki.

"Kipenda roho hula nyama mbichi," Bwana Mahameli aliongeza, akasimama. "Shitaka la kwanza. Ni nene kama kipande cha sabuni."

"Ndiyo maana haijawahi kunitoka mkononi, Mheshimiwa."

"La pili. Kioo chake ni kidogo kama dirisha la choo."

"Dirisha la choo ni dogo, lakini hakuna nyumba inayokubali kulikosa."

Mtu fulani nyuma alicheka, akajifanya amepiga chafya. Bwana Mahameli akaagiza simu impige picha Jaji Mkuu. Hariri alipiga. Picha ikazungushwa kutoka kiti hadi kiti, na ukumbi ukanyamaza, maana simu ilikuwa imemwonyesha mzee Atilasi akiwa na umri wake.

"Shitaka la tatu," Bwana Mahameli alisema kwa huzuni, "ni kamera."

"Hapo sina utetezi," Nakunda alikubali, "kamera yake ni mbovu."

Majaji wakatazamana. Katika Baraza lile haikuwahi kutokea mwenye chombo akakubali kasoro. Bibi Melimeli akainama mbele kidogo.

"Shitaka la nne ni bei," Bwana Mahameli aliendelea. "Imenunuliwa kwa bei ndogo. Kitu cha bei ndogo kinamnyima mwenyewe nafasi ya kujivunia, na kikiharibika kinamnyima hata nafasi ya kulia."

"Mheshimiwa, mimi nilitaka kuandika, kulia naweza bure."

Safari hii walicheka waziwazi, hakuna aliyejifanya amepiga chafya.

Ndipo ikafika hoja kuu, ile ambayo katika Mng'aro huamua karibu kila kesi, nayo ni mrithi. Kila chombo hulinganishwa na ndugu yake atakayetoka mwaka ujao. Kwa kuwa wa mwaka ujao hajatoka, hana kasoro hata moja, na wa mwaka huu hushindwa. Wananchi huona ni haki kabisa. Ua wa makaburi ya vyombo umejaa vitu vizima.

"Karani," Jaji Mkuu alisema, "tusomee mrithi wa chombo hiki."

Hariri alifungua jalada lake, akalifunga. "Hana, Mheshimiwa."

"Hana vipi?"

"Kiwanda kimeacha. Hakuna cha mwaka ujao, wala cha mwaka wa pili. Hiki ndicho cha mwisho."

Ukumbi ulivurugika. Bwana Mahameli alipiga kelele kwamba asiye na mrithi amekwisha kufa, kwa hiyo azikwe mara moja, tena wamechelewa. Bibi Melimeli akasema kwa sauti ya chini kwamba asiye na mrithi hajashindwa na mtu, na asiyeshindwa hazikwi. Mahameli akauliza basi apewe alama ngapi, na kwa kumlinganisha na nani, na kama hakuna wa kulinganishwa naye, mizani ya nini? Walibishana mpaka chai ikaletwa, na vikombe vitatu vikaanguka, na hakuna aliyetazama chini.

"Mimi pia sina mtoto," mzee Atilasi alisema ghafla.



"Nasema tu," aliendelea, akitazama viganja vyake. "Sina mrithi, na nadhani bado niko hai. Karani, hakuna kifungu?"

Hariri akakohoa. Nakunda alimtazama, akakumbuka vitufe vilivyohesabiwa mara tatu.

"Kipo, Mheshimiwa. Cha themanini na tisa, hakijawahi kutumika. Chombo kisicho na mrithi kipimwe kwa kazi yake, mbele ya Baraza, na mtu asiye mmiliki wake, mwenye neno la kusema."

Majaji waliutazama ukumbi. Ukumbi ulitazama sakafu, isipokuwa penye vigae vya vikombe. Watu walikuwa wengi, waungwana, wamevaa vizuri, na kila mmoja alikuwa akijaribu kukumbuka kama ana neno ambalo halikumaliziwa na kioo.

"Mimi ninalo."

Kigae alikuwa amesimama mlangoni na kasha la vikombe kichwani, ameleta vya kufidia vilivyovunjika. "Ninalo la miaka kumi na minne," alisema, akalitua kasha. "Niandikie wapi?"

Hakuna sheria iliyomkataza. Bwana Mahameli aliitafuta akaikosa. Kigae akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama anavyoketi kwenye gurudumu lake la kufinyangia, akaichukua simu kutoka juu ya mto wake, akaipima uzito kwa kiganja. Nakunda alikatazwa kumsaidia.

Dole gumba kavu likashuka juu ya kitufe. Kitufe kikashuka, kikalia tik, kikarudi.

"Kumbe kinaitika," Kigae alisema.

Alizitafuta herufi moja moja, kama kuku anayedonoa. Kila alipomaliza nusu ya neno, simu nayo ilimpendekezea maneno mengine juu ya vitufe. Aliyapita kama mtu anayepita wachuuzi stendi. Ilichukua saa nzima. Katika saa hiyo ukumbi mzima wa watu walaini ulikaa kimya ukisikiliza tik, tik, na Nakunda aliona vidole vyao, juu ya magoti, vikianza kubonyeza hewa.

Kioo cha Jaji Mkuu kikalia. Lalamiko limefika. Mzee akalisoma kwa sauti:

"Waheshimiwa. Udongo wangu si mbovu. Mikono yenu ndiyo haina mistari. Nirudishieni kishikio. Na kikombe kikianguka tazameni chini, maana pale chini ni kazi yangu ya kutwa. Ni mimi Kigae, mfinyanzi."

Mzee Atilasi alisogeza viganja vyake, kikombe chake cha pili kikateleza mezani, kikavunjika.

Bibi Melimeli akatazama chini.

Alitazama kwa muda mrefu, na wengine, mmoja baada ya mwingine, wakatazama pamoja naye.

Hata hivyo sheria ni sheria. Majaji walikwenda faragha, wakarudi na hukumu iliyoandikwa kwenye kioo, na kioo kilikuwa kimeimalizia kama kinavyozimalizia zote: si kibaya kwa bei yake, lakini tunashauri kusubiri. Alama zilikuwa sita na nusu.

Mzee Atilasi akainua kiganja.

"Kuna njia mbili za kukiokoa," alisema, na safari hii hakusoma popote. "Ya kwanza, lalamiko lifutwe, iwe kama kesi haikusikilizwa. Mgeni aondoke leo na chombo chake. Ya pili, lalamiko lipigwe muhuri. Chombo kilicholeta lalamiko ni kielelezo, na kielelezo hakizikwi wala hakitoki nchini mpaka lalamiko lijibiwe. Kitakaa kwa mlalamikaji. Mgeni achague."

Kigae alisimama haraka, akamletea Nakunda simu kwa mikono miwili.

"Chukua mtoto wako, mwanangu. Usinitazame hivyo. Miaka kumi na minne nimeizoea, itakuwa kumi na mitano. Karani amesema mwenyewe hakuna nyingine."

Ni kweli haikuwepo nyingine. Nakunda aliishika, ikakaa kiganjani mahali pake pa kila siku. Alifikiria wakulima waliokuwa wakiisalimia. Alifikiria kalamu na karatasi, na mteremko mrefu wa kwenda posta. Alikumbuka pia kwamba kwao kuna mkutano wa kijiji, ambako mtu akinyimwa kila kitu husimama akasema kwa kinywa, na hata asipopendwa husikika.

"Mama," alisema, "mimi kwetu nina kinywa. Wewe hapa hata hicho wamekunyima."

"Usiwe mjinga."

"Sikiliza, nisije nikasahau." Nakunda alikuwa ameanza kuzungumza upesi, kama mzazi anayemwacha mtoto shuleni. "Kitufe hiki kirefu cha chini hugoma asubuhi. Kibonyeze mara mbili, usikitukane, kitaamka. Usiiache juani, hupata homa. Betri inakaa siku mbili, ya tatu inakudanganya, usiiamini. Ukifungua mambo mengi kwa pamoja inazubaa. Ngoja, itarudi. Picha usipige, labda ya mtu usiyempenda. Na ukikandamiza K kwa muda, inafungua barua mpya moja kwa moja. K yako."

"K yangu," Kigae alirudia.

"Kwenye vidole vikavu haina mpinzani. Nimeitumia miaka mitano. Ina kasoro. Na mimi ninazo."

Bibi Melimeli, aliyekuwa akisikiliza, alimgeukia mwenzake. "Tungeyasikia haya mapema," alisema, "tusingehitaji kuiweka juu ya mto."

Kabla ya kuikabidhi, Nakunda alizituma barua zake zote kwenye kompyuta ya ofisi ya kata kwao. Kisha Hariri akapiga muhuri. Aliupiga kwa nguvu isiyo ya lazima.

Mpakani, afisa yule yule alilishika tena dole lake, akalitazama kwa huruma ile ile, akauliza kama ana chombo.

"Sina," Nakunda alisema.

Afisa akagusa kioo chake mara moja, kikamalizia: mgeni ameondoka bila malalamiko.

Msimu wa mvua ulipita, tangawizi ikang'olewa, na Nakunda akarudia kalamu. Wakulima walimlaumu wiki moja, kisha wakawa wanaulizia habari za Katibu Msaidizi kama watu wanaoulizia kijana aliyepata kazi mbali. Siku moja mtendaji wa kata alimwita. Kwenye kompyuta ya ofisi kulikuwa na barua, na haikuanza kwa kutumaini kwamba yeyote ni mzima.

"Nakunda mwanangu," ilisema. "Simu yako haijambo. Kitufe cha asubuhi sikitukani, lakini jana nusura. K imefutika rangi. Bango wamelishusha, maana hawajui waandike nini. Hariri anakuja kwangu kila Siku ya Msasa kumwandikia mchumba wake kwa vitufe. Mchumba naye huko alipo amenunua msumari anaandika ukutani, anampigia picha. Wamegombana mara mbili, na sasa wanapendana, harusi ni baada ya mavuno. Bibi Melimeli nimemfinyangia vikombe viwili vyenye vishikio, kwa siri. Bado vizima.

"Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Hariri alikuja anakimbia. Wameandaa jibu la lalamiko langu. Nikafurahi, halafu nikakumbuka. Wakijibu, kielelezo kinakwisha, wanakuja na wimbo wao kuizika. Nikaandika jingine upesi, la kuhusu barabara. Wakataka kujibu la barabara, nikaandika la kisima. Wanajibu moja, naandika mawili. Wameanza kuwa wepesi, watu hawa, hata vishikio wanasema watavifikiria. Vilimani kote wananiletea ya kwao, lakini huku ni kudogo, na tumefika sitini na tatu. Yamebaki manne tu yasiyojibiwa. Naomba uniletee ya huko kwenu niyatumie kidogo, simu isizikwe."

Nakunda aliisoma mara mbili. Mtendaji wa kata, aliyekuwa akisoma begani kwake, alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema ana shughuli nje.

Nakunda akavuta kiti. Kompyuta ya kata ilikuwa ya zamani, na vitufe vyake vilikuwa vimejaa vumbi la chaki. Akavipuliza, akaweka vidole juu yake. Kwa upande wa mambo ya kulalamikia, Mungu ashukuriwe, kwao hawakuwa na upungufu.